Jina Halipo

Kompyuta aliniachia Chitanda, mtoto wa kaka.
Aliipakia Linuksi usiku mmoja kwa fleshi,
alfajiri akapanda basi la Masasi.
"Shangazi, hii haiugui virusi," akasema dirishani.
Tangu hapo simu yake haipatikani.

Mimi ni karani wa ghala, Newala:
mizani, muhuri, wino wa bluu,
harufu ya magunia mpaka kwenye kanga.
Mnada ni Ijumaa. Meneja anataka orodha iliyochapwa,
wakulima mia tatu na kumi na wawili,
kilo zao, madaraja yao,
na mashine haina programu ya kufungulia orodha.

Nikafanya nilivyozoea.
Nikaingia mtandaoni, nikakamata faili la kwanza lililoniita,
nikalibofya mara mbili, mara nne,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Mashine ikaniuliza: nilifungue kwa kutumia nini?
Ningejua ningekuuliza?

Somoe alikuwa dirishani, kidato cha tatu, sare ina vumbi,
amekuja kuulizia malipo ya bibi yake kwa mara ya tatu.
Akachungulia skrini.
"Huku watu hawaokoti njiani," akasema.
"Kuna ghala. Unaomba kwa jina."

Ghala!
Mwanangu, hapo umenigusa.
Miaka kumi na moja nawaambia watu waache kangomba,
wasimuuzie mpita njia mwenye kopo lake na kipimo chake,
walete mzigo ghalani, upimwe, upate stakabadhi.
Kumbe mimi mwenyewe, usiku mtandaoni,
nilikuwa mteja wa kangomba.

Basi tukafungua kidirisha cheusi.
Nywila ikaombwa. Naandika, hakuna kinachoonekana,
hata nukta. Nikadhani kibodi imekufa.
"Inasikia," akasema Somoe, "ila haitangazi."
Nikaandika jina la programu, vizuri, kwa heshima,
kama ninavyoandika jina la mtu.
Ikajibu: halipo.
Nikarudia.
Halipo.

Hasira ilinipanda hadi kwenye masikio.
Nimetoka mbali, nimeomba kwa adabu,
na kitu kisicho na uso kinaniambia halipo,
hakinyanyui hata macho.

"Umeanza na herufi kubwa," akasema mtoto.
"Yenyewe inajua ndogo tu."

Herufi moja.
Nikaishusha, na ghala likafunguka.
Nilichoomba kikasema hakiji peke yake,
kina wenzake kumi na saba,
kama bibi harusi wa Kitangari na mashangazi zake,
wote wanataka pa kulala, wote wanakula bando.
Nikubali? Nikakubali.
Mistari ikamwagika kama korosho kwenye turubai,
umeme ukapepesa mara moja, sote wawili tukashika meza,
ukatulia.

Orodha ikafunguka.
Somoe hakusema kitu. Alisimama tu,
kiganja juu ya kizingiti cha dirisha,
pale pale nilipomwambia Jumatatu, na Jumatatu ile nyingine:
jina halipo, mwanangu, mwambie bibi aje mwenyewe.
Bibi ana miguu mibaya. Nilijua.

Nikaandika: Sijaona Nampembe.
Halipo.
Nikafuta nusu. Nikaacha Sija,
nikateremka polepole, kidole kwenye kioo,
nikamkuta.
Nilikuwa nimemwandika Sijaoana.
"Bibi ameolewa mara mbili," akasema Somoe,
na kicheko kikatutoka wote, changu kikakatika njiani.

Kilo mia na arobaini, daraja la kwanza,
zimelala toka mnada wa kwanza
chini ya *a* moja iliyozidi. Mkono ni wangu.

Nikaifuta ile *a*. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena.
Halafu nikarudi juu kabisa, jina la kwanza,
nikaanza kusoma kwa sauti,
na Somoe akavuta kiti.

Printa bado haijatambulika.
Hiyo tutaiuliza kesho.