Mkono wa Kushoto

Karatasi hupotea. Nilijifunza hilo mwaka wa kwanza.
Mkono haupotei,
ndiyo maana naandika hapa, chini ya kidole gumba,
kwa kalamu niliyoifunga shingoni na uzi wa barakoa kuukuu.

Saa mbili kasorobo usiku, Januari, Limerick.
Nje mvua ya mto Shannon inapiga kwa ubavu.
Ndani, machela thelathini na saba
kwenye korido iliyojengwa ili watu wapite,
na hakuna anayepita.

Naandika:
6, dawa ya maumivu, saa tatu.
19, mpigie bintiye Boston.
22, asishuke peke yake.
11, maji.

Wa 11 ni Malachy Tuohy,
dereva wa lori la maziwa, mstaafu,
saa ya ishirini na sita sasa chini ya kizimamoto,
koti lake amelikunja likawa mto.
Kila nikipita hunitangulia kwa samahani:
samahani binti, najua mna kazi,
nikipata maji kidogo tu.
Nikasema, sasa hivi.
Nilimaanisha.

Kisha mlango ukafunguka.

Sitaeleza yote. Mwanamke wa barabara ya Ennis,
kiatu kimoja, mkufu, mumewe akihesabu kwa sauti
kitu ambacho hakuna aliyemwomba ahesabu.
Fiachra juu ya kifua chake, jasho likimdondoka puani,
miaka ishirini na sita, daktari tangu Julai.
Kisha kijana mlevi akanitemea mate
na mama yake akaniambia nimsamehe, ana mtihani.
Kisha Jincy hakuonekana. Nikamkuta stoo ya mashuka,
amekaa juu ya mablanketi, analia kwa kutazama saa:
Dakika nne, Dympna, nimejipa dakika nne,
imebaki moja na nusu.
Nikafunga mlango. Nikaulinda kwa mgongo.

Ukutani, karibu na birika, tangazo jipya la ofisi:
Jumatano, semina ya kupumua kwa wafanyakazi wote.
Mtu ameandika kwa penseli chini yake,
nani atabaki huku wakati sisi tunapumua?
Wanaosema mvumilivu hula mbivu
hawajauonja mkate wetu wa saa tisa usiku.

Saa kumi na dakika kumi nikakunja ngumi,
na pale chini ya kidole gumba nikaona neno.
Nilikimbia. Nani hukimbilia bilauri ya plastiki?
Nilikimbia, maji yakinimwagikia mkononi,
hadi chini ya kizimamoto
ambapo msichana wa miaka kumi na tisa, amejikunja,
ameshika tumbo, akanitazama,
akasema, asante, nani amekuambia nina kiu?

Nikampa.

Nikauliza. Labda wadi ya tatu, akasema mmoja.
Labda ameteremshwa kwenye picha, akasema mwingine.
Kompyuta ilikuwa inajisasisha.
Labda, labda. Nimeufanya msikiti wangu, kanisa langu,
neno hilo dogo; ndani yake Malachy anakunywa
kikombe kizima, anafuta mdomo kwa kiwiko,
anamwomba samahani aliyemletea.

Sitajua. Wakija hatujui walikotoka,
wakitoka hatujui walikofika.
Sisi ni korido.

Nyumbani nikanawa mara tatu kwa sabuni ya vyombo.
6 ikaondoka. 19 ikaondoka, Boston na binti yake.
Ruadhán, mwanangu, akitafuta soksi yake ya pili,
akanishika kiganja, akasoma kwa kukokota,
kwani ndiyo kwanza anajifunza:
m-a, ma. J-i, ji.
Maji, mama! Umeandika maji!

Akaburuta kiti hadi kwenye sinki,
akajaza glasi hadi ukingoni, akaniletea polepole,
ulimi nje, macho kwenye maji, asimwage tone.
Nikasimama nayo, koti bado mwilini.
Kunywa basi, akasema.
Si uliandika usisahau?