Saini

Kwanza kilikufa kidole cha kati.
Hakikuuma. Kilikaa tu mkononi
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Nikakipuliza, nikakifinya, nikakikumbatisha kikombe cha chai,
kisha king'ora cha saa kumi na mbili kikalia
na sangara wa kwanza akashuka kwenye mkanda.

Miaka kumi na mmoja nimekata minofu Igogo.
Buti nyeupe, aproni nyeupe, barafu hadi viwikoni.
Kisu nyuma ya pezi, kifuate uti, geuza.
Kisu nyuma ya pezi.
Mume wangu, alipokuwa bado mume wangu,
alilalamika kwamba usiku naipasua shuka.

Nilificha. Kisu kikianguka
nilisingizia sakafu, kwamba inateleza.
Nyanzobe wa meza ya pili alijua,
maana naye alikuwa anaficha kifua:
alikohoa mashine zikinguruma,
nami nilidondosha yeye akikohoa.

Barua zikaja katika bahasha za kaki.
Samaki wamepungua ziwani, ziliandika,
kampuni inalazimika kupunguza watu.
Ni kweli, samaki wamepungua.
Lakini orodha ilipobandikwa getini
niliisoma kama rejista ya kliniki:
Shigela, mgongo.
Nyanzobe.
Bugumba, aliyelazwa Bugando mara mbili.
Mimi.
Na Kwilasa, mzima kama nondo,
ila yeye alikuwa amedai glavu.

Samaki gani hawa
wanaojua wampungukie nani?

Nikazunguka. Nyakato kwenye godauni la magodoro,
Mkuyuni kwenye mashine ya kukoboa,
Capri Point kwenye hoteli wanakofua mashuka.
Kila mahali walinipa mkono kwanza.
Sikujua kwamba salamu ni mtihani.
Nilishika, nikatabasamu, vidole havikubana.
"Tutakupigia, mama."
Simu nikaiweka ndani ya sufuria tupu
ili ikilia, ilie kwa sauti kubwa.

Daktari alinichorea mshipa kwenye karatasi,
akauzungushia duara mahali ulipobanwa.
Upasuaji mdogo, akasema, halafu upumzike,
halafu utafute kazi nyepesi.
Nikamuuliza kazi nyepesi zinauzwa soko gani.
Akaangalia mlango, akaita namba inayofuata.

Hapo ndipo nilipo.
Pona kwanza, wanasema, ndipo upate kazi.
Nipate kazi kwanza, nasema, ndipo nilipie kupona.
Umewahi kuiona pantoni imenaswa na magugu maji?
Injini inaunguruma, moshi unatoka,
na abiria wanatazama gati lile lile.

Usiku naufundisha mkono wa kushoto.
Holo, binti yangu wa darasa la pili, ndiye mwalimu.
"Mama, hii M imelewa," ananiambia,
anaifuta kwa mate, ananirudishia penseli.

Jumanne nikaenda na fomu ofisi ya mafao.
Karani akaitazama saini, akafungua faili la zamani,
akaziweka mbili hizo jirani.
"Hii si yako."
"Ni yangu. Ile ndiyo ya mwingine,
yule aliyekuwa na mkono."
Hakucheka. Akasogeza mashine.
"Weka dole gumba."
Nikaweka.
"Haisomeki. Futa."
Nikafuta kwenye kanga.
"Tena."
Nikaweka tena. Taa nyekundu.
Chumvi na barafu na mpini wa kisu
vilikuwa vimenipiga pasi vidole,
havina mstari, havina jina.
"Jaribu kingine," akasema. "Kingine. Kingine."

Nikaitandaza mikono yote miwili juu ya meza yake,
viganja juu, kama nilivyokuwa nalaza minofu
kwa mkaguzi, upande wa nyama ukimtazama.
"Basi pima," nikamwambia.

Akachukua kalamu, akaiweka chini.
Nyuma yangu, kwenye foleni, mtu alikohoa.
Nilikijua kikohozi kile.
Sikugeuka.