Mishono Kumi na Mmoja

Miaka thelathini nimeshona Mtaa wa Kongo:
sare za shule, kanzu, sanda mara mbili.
Uzi naujua. Hukata kidole, hausemi pole.

Leo kitambaa ni mimi.
Daktari Nkini kaniziba tumbo
(mkono wake mzuri, pindo halikukunjamana)
akasema: uzi huu, Bi Chausiku, umelowekwa dawa.
Utaitema kidogo kidogo, siku tano,
kisha uyeyuke wenyewe.
Nikacheka, nikakumbuka kucheka kungeniuma.
Hakukuuma sana.

Saa nane usiku umeme umekatika,
jenereta inakohoa nje, haiwaki.
Kitanda cha pili, Sijali wa Tandale
kashonwa uzi wa kawaida; ule mwingine
walileta wa majaribio, wa watu wachache.
Anauma khanga. Kidonge cha jioni kimekwisha nguvu,
nesi yuko wodi ya wazazi.

Naipapasa mishono yangu gizani, mmoja mmoja,
kama mtu anayehesabu chenji
akijua haitoshi nauli ya wawili.
Kufumua najua.
Ningefumua mmoja tu, nimtungie sindano.

Nampa mkono.
Anaubana mpaka pete yaniuma.