Nyota Tatu

Kila asubuhi, kabla kahawa haijapoa,
nasoma habari za simu na mitambo.
Nataka kujua ipi imetoka,
imepunguzwa nini, imeongezwa bei gani.
Wanangu wanacheka: Mama, na umri huu?
Umri upi?
Mimi nilikaa mbele ya ubao wa plagi, Ruwi,
mwaka wa themanini na mbili,
waya mkono huu, waya mkono ule,
hedifoni imebana juu ya ushungi.
"Subiri, bibi, nakuunganishia Dubai."
Mtandao ulikuwa na jina,
ulikuja kazini na mkoba na chakula cha mchana.
Mtandao ulikuwa mimi.

Kwa hiyo nina haki ya kusema.

Simu mpya inakunjika. Haya.
Mkeka unakunjika tangu enzi za bibi yangu,
hakuna aliyeupangia foleni usiku kucha
pale Siib, mbele ya duka la vioo.
Ina macho manne mgongoni,
na mjukuu wangu Thuwaini anaipiga picha sahani ya mishkaki
mpaka mishkaki inapoa.
Nikamwuliza, jicho la nne linaona nini?
Akasema: mbali.
Mbali mimi naona nikiwa nimefumba.

Wanakuuzia simu, chaja hamna.
Ati kwa ajili ya mazingira.
Uliona wapi kanga ikauzwa kipande kimoja,
ukaambiwa mwenzake yuko kaunta ile pale, riali tisa?
Kanga hiyo najua ingeandikwa nini:
UMENIPENDA NUSU, NUSU NIDAI KWA NANI.

Runinga ya Rayya inasikiliza.
Juzi tulitaja zulia, tunapita tu,
jioni yake mazulia yakajaa kiooni,
ya Uajemi, ya mashine, ya punguzo.
Zamani mtaani tulikuwa na mtu wa namna hiyo.
Tulimjua kwa jina,
na akitokea tulibadilisha mazungumzo.

Sikatai vyote.
Kile kipimo cha sukari cha kubandika mkononi,
aliyekibuni Mungu amjengee nyumba.
Na ujumbe wa sauti: dada yangu Zamzam, yuko Sharja,
ananitumia dakika saba,
nyuma yake nasikia vitumbua vikichemka mafutani.
Nauzidishia kasi mara mbili,
kisha namwapia nimesikiliza wote.

Lakini kiyoyozi!
Mwezi wa saba, Mabela, joto nyuzi arubaini na saba,
Harith ametufungia kiyoyozi chenye akili.
Hakina kitufe. Kitufe ni ushamba.
Saa nane za usiku mtandao ukaanguka,
nacho kikatuuliza sisi ni nani.
Tukatoa neno la siri: silo.
Tukatoa la zamani. Kikasema ngojeni, kinajisasisha.
Asilimia nne.
Asilimia nne.
Asilimia nne.
Harith akaipigia kampuni.
Sauti ya msichana ambaye hajawahi kuzaliwa
ikamwambia abonyeze moja, abonyeze tatu, abonyeze nyota.
Nikasema, lete hapa.
Nikaiambia kwa adabu ya kazi:
Mwenzangu, niunganishie mtu.
Ikajibu: Samahani, sijakuelewa.

Miaka kumi na moja pale ubaoni
sikupata kumwambia mtu neno hilo.
Hata waliokuwa wakilia niliwaelewa.

Tukatoka wote saba, na mito yetu,
tukajipakia garini, tukawasha injini hapo hapo uani,
watoto wakalala wamegandana kama tende.
Thuwaini akatupiga picha.
Kwa jicho la nne, na sote tulikuwa karibu.

Alfajiri kikazinduka chenyewe,
kikaipulizia nyumba isiyo na mtu,
kikanipigia kengele kwenye simu:
Umefurahia huduma yetu usiku huu?
Chagua nyota, moja hadi tano.

Nikaingia ndani, nikasimama chini yake.
Baridi ilikuwa nzuri, haki ya Mungu.
Nikakipa tatu.