Picha Isiyo na Mtu

Nilipanda Idjwi kwa magoti, si kwa miguu:
udongo mwekundu umelowa, kamera ndani ya shati
kama kifaranga.
Kileleni Nshobole akasema, "Ngoja, ukungu utachoka."
Haukuchoka. Tulichoka sisi, tukala viazi baridi.
Halafu, kwa pumzi moja, ziwa likafunguka:
migongo ya milima, mmoja nyuma ya mwingine,
na Bukavu kule mbali, punje za mabati.
Nikabonyeza mara moja. Betri ikafa.

Leo, Kadutu, mama ameishika picha dirishani.
"Sura ya nani hii? Mbona hamna mtu?"
Nanyamaza.
Ukucha wake unatambaa bondeni, unasimama
penye uzi wa moshi ambao sikuuona.
"Ee, huyu hapa. Anapika."