Chini Ni Wapi

Mota tuliichopoa kwenye redio kaseti mbovu,
tukaifunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye maabara ya skuli, Wete,
dirisha la tatu, lile lisilofunga.
Juu yake kisahani, ndani pamba mbichi
na chooko kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili,
maana Shaame mkono wake hautulii.

Mwalimu Raya alisema: huko juu,
kwenye chombo kinachoizunguka dunia,
mbegu haina pa kuangukia.
Sisi kuruka hatuwezi. Basi tuizungushe,
polepole, usiku na mchana,
mpaka isahau.

Nchani mwa mzizi, alisema, mna punje za wanga,
ndogo, nzito, hutua
kama mchanga ndani ya mtungi,
na mzizi ukajua: huku.
Ukiuzungusha, hazitui.

Jumanne umeme ulikatika.
Tukazungusha kwa kidole, zamu kwa zamu,
na usiku Makame mlinzi,
akinung'unika kuwa hajaambiwa anazungusha nini.

Siku ya nne zikachipua.
Mmoja ulikwenda kushoto.
Mmoja ulijipinda ukajirudia wenyewe.
Mmoja ulinyooka juu kabisa
kama mtoto anayejua jibu,
na jibu silo.

Nyumbani Bi Time, dada yake baba,
wiki ya pili hajainuka.
Akigeuza shingo, paa huja sakafuni.
Daktari wa Chake kasema ni vijiwe ndani ya sikio,
vimehama mahali pake.
Nikamwambia: shangazi, ugonjwa wako naujua,
n'nao kumi na mbili skuli.
Akacheka. Akashika ukuta. Akatapika.

Jumamosi tukapima mizizi kumi na moja
(wa kumi na mbili sikumuuliza Shaame).
Yote imepotea, kila mmoja na njia yake,
lakini Mwalimu akatuinamisha tutazame vyema:
ncha zimerejea kwenye pamba,
pale penye unyevu.
Shaame akaandika: *Chini haikujui. Maji inayajua.*
Mwalimu akapiga mstari mwekundu,
hakusema kosa ni lipi.

Usiku ule taa hazikuwaka.
Nilisikia kitanda cha Bi Time kikilia,
kisha kimya, kisha kiganja
kikiparuza chokaa ya ukuta, pole, pole,
kikasita penye mlango,
kikaendelea.
Nusura niinuke.
Kisha kata ikagonga mtungi.