Siku ya Kwanza Bila Mzigo

Saa mbili kasoro, bandarini Bukavu,
wanawake kumi na wanne wa likelemba ya Kadutu,
kitenge kimoja, kofia za kukodi,
na kila mmoja na kiti chake chenye namba.

Mwaka mzima tulitia franka juu ya franka
ndani ya kopo la maziwa, Nabintu akiandika.
Wengine walitaka mabati. Tukapiga kura.
Ziwa likashinda kwa kura moja,
yangu.

Mugisho, kijana wa kutuongoza, ana kipaza sauti:
"Tazameni nyuma, mama zangu! Rasi tano,
vidole vya Bukavu vikinawa ziwani."
Tunageuka sote kama darasa.
Nyuma ya kidole cha tatu
naona ule mteremko nilioshuka miaka kumi na tisa
na gunia la unga, kamba kwenye paji la uso.
Kutoka hapa mteremko ni mzuri.
Sikujua.

Tunapita mitumbwi ya sambaza.
Ntakwinja anatapika kwa heshima, ndani ya mfuko.
Chai ni ghali, maandazi ya jana.
Mugisho anauliza: kuna swali?
Ninalo, ila si la kipaza sauti:
mikono huwekwa wapi
mtu asipobeba kitu?

Jioni, Ijwi, napewa ufunguo wa chumba.
Naupokea kwa mikono miwili,
shingo imeinama mbele, kana kwamba kamba ipo.
Nabintu ananigonga mgongoni:
"Simama wima, we. Leo sisi ni watalii."